Nyaraka za Rockefeller (2): Leja ya senti na barua za Colorado

Wiki iliyopita tulieleza jinsi John D. Rockefeller alivyoijenga Standard Oil, kampuni ya mafuta iliyoundwa mwaka 1870 na kuvunjwa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1911. Leo tufungue karatasi zenyewe. Zimetunzwa Sleepy Hollow, jimbo la New York, katika kituo cha nyaraka cha familia hiyo kilichoanzishwa mwaka 1974.

Maarufu kuliko zote ni daftari dogo liitwalo Leja A. Kijana Rockefeller alianza kazi ya ukarani wa hesabu mjini Cleveland tarehe 26 Septemba 1855, akiwa na miaka 16, na kwa miezi mitatu ya mwanzo akalipwa dola 50. Katika leja hiyo aliandika kila senti aliyopata na kila aliyotoa, zikiwemo sadaka zake za kanisani. Mwaka 1859 alimchangia mtu mweusi wa Cincinnati apate fedha za kumkomboa mkewe utumwani. Wakati huo bado hajawa tajiri. Wapo wanaoshikilia kwamba ukarimu wake ulikuwa sabuni ya kusafishia jina tu, lakini leja inawakatalia. Kutoa kuliutangulia utajiri.

Hata hivyo, leja ni maneno ya mtu aliyejiandikia mwenyewe, na hapo ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho. Mwaka 1872 Rockefeller na wenzake waliingia katika mpango ulioitwa South Improvement Company. Kampuni za reli zingewapunguzia nauli ya mafuta yao kwa siri, kisha zingewalipa sehemu ya nauli waliyotozwa washindani wao. Yaani mshindani angesafirisha pipa lake, na adui yake angepata faida! Mpango ulipofichuka, wachimbaji wa mafuta wa Pennsylvania waliwaka hasira na ukafa kabla ya kuanza kazi. Mwandishi Ida Tarbell, aliyeanza kuchapisha habari za Standard Oil katika jarida la McClure's mwaka 1902, aliegemea sana kumbukumbu za mahakama na za kamati za bunge, ambako watu walihojiwa kwa kiapo. Rockefeller alikaa kimya hadharani. Baadaye, kati ya 1917 na 1920, mwandishi William Inglis alimsomea shutuma hizo moja baada ya nyingine na kunakili majibu yake. Mazungumzo hayo nayo yamehifadhiwa, na ni hazina: tunamsikia mzee akijitetea.

Barua zinazoniuma zaidi ni za mwanawe, John D. Rockefeller Jr. Familia ilikuwa na hisa nyingi katika kampuni ya makaa ya mawe na chuma ya Colorado. Wachimbaji waligoma, wakafukuzwa katika nyumba za kampuni, wakahamia kwenye mahema na wake na watoto wao. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow, wanamgambo wa jimbo waliishambulia kambi na mahema yakateketea. Wanawake 2 na watoto 11 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya shimo walimojificha chini ya hema. Tume ya serikali iliyoongozwa na Frank Walsh ikadai barua za familia na mameneja, ikazianika. Zilionyesha kwamba mwenye hisa aliyekuwa New York alikuwa amewaunga mkono mameneja katika kukataa chama cha wafanyakazi.

Rockefeller Foundation, taasisi ya misaada ya familia hiyo, siku ya Ludlow haikuwa imetimiza hata mwaka. Wema uliosajiliwa Mei 1913 na moshi wa Ludlow vinatoka katika fedha za nyumba moja, na mtafiti anayesoma taarifa za misaada peke yake amesoma nusu.

Kwetu Afrika Mashariki karatasi hizi si za mbali. Mwaka 1936 taasisi hiyo ilisaidia kuanzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano Entebbe, na mwaka 1947 watafiti wake walitenga kirusi kutoka kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika. Majalada ya kazi hiyo ya Uganda tutayafungua wiki ijayo.