Unayeyusha risasi za nyavu uani? Anayeumia kwanza ni mtoto

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni madini mazito ya kijivu ambayo mvuvi huyafunga kwenye kamba ya chini ili wavu uzame. Ya kwanza kila mtu anaikimbia. Ya pili watoto wanaichezea uani.

Ndugu msomaji, kama unaishi karibu na mialo ya Mwanza, iwe Kirumba, Igombe au Kayenze, au ng'ambo kule Ukerewe, huenda unaifahamu kazi hii hata kama hujawahi kuifanya. Betri ya gari iliyokufa inapasuliwa kwa shoka, maji yake yanamwagwa, pleti zinatolewa na kuwekwa kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Zikishayeyuka, takataka inayoelea juu inaenguliwa na kutupwa pembeni, kisha uji unaong'aa unamiminwa kwenye kalibu. Wengine huokota gereji vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Na siku hizi kuna chanzo kilicho karibu zaidi, yaani betri ndogo za taa za dagaa. Wavuvi walipoanza kuacha karabai na kuwasha taa za umeme wa betri, betri zilizochoka nazo zikawa mali ya mwaloni.

Wachache, hasa vijijini, huyeyusha madini hayo hayo kwa ajili ya gobore. Hao wana kesi nyingine ya kujibu, kwa kuwa kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai. Lakini kwa mwili wa binadamu sumu haibadiliki, iwe inakwenda kwenye wavu au kwenye mtutu. Hata nyama iliyopigwa kwa risasi ya aina hiyo hubaki na chembe ndogo ambazo jicho halizioni wala jino halizihisi.

Kinachofanya kazi hii iingie majumbani ni urahisi wake. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za Selsiasi, chuma 1,538. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, kiwango ambacho jiko la mkaa linakipita bila shida. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Moto ukizidi, risasi hutoa mvuke ambao ukipoa hugeuka vumbi laini mno. Ile harufu kali unayoisikia ni ya maji ya betri na plastiki inayoungua; risasi yenyewe hainuki. Ndiyo maana mtu husema leo hakuna moshi, basi hakuna madhara.

Tena pleti ya betri si risasi tupu. Imepakwa unga wa mchanganyiko wa risasi, na unga huo ni hatari kuliko kipande kigumu, kwa sababu unapeperuka, unashika kwenye nguo na unameng'enyeka tumboni kwa urahisi zaidi. Ile takataka iliyoenguliwa na kutupwa nyuma ya nyumba nayo imejaa unga wa namna hiyo. Kuku wanaiparua, mvua inaisambaza, mtoto anayetambaa anaigusa na kutia mkono mdomoni.

Kushika risasi ngumu kwa mkono si hatari kubwa, kwa sababu haipenyi ngozi kirahisi. Balaa ni mkono huo kwenda kwenye ugali kabla ya kunawa. Na kuna mazoea ya kubana kipande cha risasi kwenye uzi wa ndoano kwa meno. Kama nawe unafanya hivyo, acha leo. Koleo dogo linatosha.

Kwa nini mtoto? Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kwa kiasi kile kile cha risasi kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Mwili unaidhania kuwa ni kalisi, ile inayojenga mifupa, kwa hiyo unaipokea na kuihifadhi kwenye mifupa na meno, ambako hukaa miaka mingi. Ubongo unaokua ndio unaopata hasara kubwa. Kwa mama, risasi iliyolala kwenye mifupa tangu ujana huweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito na kuvuka kwenda kwa mtoto tumboni. Shirika hilo linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Msomaji anayedhani hizi ni hofu za vitabuni aitazame Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi pembeni ya Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi wahunzi wa pale walipasua betri za magari na kumimina risasi za nyavu, sawasawa na kazi tunayoizungumzia hapa. Taka zikarundikana mchangani. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuchekecha mchanga ule ili kupata masalia, na wengine wakabeba magunia hadi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki dunia, wengi wao baada ya degedege ambalo mwanzoni halikueleweka. Ndugu zao na mama zao walipopimwa, walikutwa na risasi nyingi katika damu, wakiwamo watoto ambao kwa macho walionekana wazima.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, hawakuyeyusha wao; kiwanda cha kuchakata betri ndicho kilichowakuta. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mchanga kuugua na kukutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, na baada ya mvutano mrefu Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Anayejidhuru mwenyewe uani hana wa kumdai.

Dalili zake zinadanganya. Mtoto analalamika tumbo, anakosa choo, anatapika, anakuwa mweupe kwa upungufu wa damu, anapoteza hamu ya kula. Anapewa dawa ya minyoo, kisha ya malaria. Degedege likija, wapo wanaokimbilia kwa mganga. Wengine hawaonyeshi kitu mpaka mwalimu aseme mtoto hashiki masomo na hatulii darasani. Mtu mzima hupata shinikizo la damu, figo kuchoka, ganzi au udhaifu wa mikono, na nguvu za uzazi kupungua. Mimba nazo huharibika.

Kuhusu maziwa: mafundi wengi huamini kwamba kunywa maziwa baada ya kazi kunasafisha sumu. Hayasafishi. Kilicho kweli ni kwamba mtu mwenye njaa, au aliyepungukiwa madini ya chuma na kalisi, hunyonya risasi zaidi. Hapo Kanda ya Ziwa tuna bahati, maana dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana vyote viwili. Mpe mtoto dagaa. Lakini usidhani dagaa watafuta kazi ya sufuria ile.

Ushauri wangu ni kutopasua betri kabisa. Sheria zetu zinaihesabu betri iliyokufa kuwa taka hatarishi, na mkusanyaji anatakiwa awe na kibali. Muuzie nzima, na maji yake ndani. Nunua risasi za nyavu zilizo tayari, au tumia mawe na nati za chuma. Wazee wa ziwa hili walizamisha nyavu kwa mawe na samaki walipatikana.

Kama bado unayeyusha vipande vigumu, basi isiwe nyumbani wala karibu na kisima au penye watoto. Kaa upande upepo unakotokea. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Hakikisha hakuna tone la maji kwenye sufuria wala kalibu, kwa kuwa risasi ya moto ikikutana na maji hulipuka na kuruka usoni. Sufuria hiyo isirudi jikoni na isiuzwe kwa mtu wa kupikia. Oga na ubadili nguo kabla hujambeba mtoto.

Na ikiwa kazi hii ilishafanyika uani kwako, usifagie pakavu. Mwagia maji kwanza, kisha pafunike kwa sakafu ya saruji au udongo safi uliotolewa mbali. Mama mjamzito anayependa kula udongo asichimbe hapo.

Kipimo ni cha damu, nacho usikitegemee zahanati. Anzia hospitali kubwa kama Bugando au Sekou Toure. Kwa mwongozo wa WHO, mtu akikutwa na maikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto aliyefikia 45 hutolewa dawa maalumu za kuitoa mwilini, ila hazirudishi akili iliyokwisha kuathirika, na akirudi kwenye vumbi lile lile anaanza upya. Daktari hawezi kuiwaza risasi usipomtajia, kwa hiyo ukifika mwambie waziwazi kwamba nyumbani kwenu huwa mnayeyusha betri.