Sikukuu na mkanda wa askari

KILA mwaka ifikapo juma la mwisho la Desemba, barabara itokayo Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga hujaa wasafiri. Miongoni mwao wamo askari na polisi waliopewa likizo, wenye mabegi mgongoni na zawadi za watoto mikononi. Mvua imekwisha kuvirudishia vilima rangi ya majani, na makanisani watu wanafanya mazoezi ya nyimbo za Noeli. Mjini Muyinga, ambako Wakristo na Waislamu wamekaa ukuta kwa ukuta tangu zamani, jirani Mwislamu huombwa aje achinje mbuzi, ili siku ya karamu asibaki mtu asiyeweza kula nyama pamoja na wenzake. Hiyo ni desturi njema, nasi hatukuja kuivunja.

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo askari wengi hulicheka mbele za watu na kulihuzunikia wakiwa peke yao. Ni ule mkanda ambao tarehe 23 Desemba ulifungwa katika tundu la tatu bila taabu, na tarehe 2 Januari, asubuhi ya kurudi kazini, unafungwa katika tundu la nne kwa kuvuta pumzi.

Hesabu ya siku kumi na moja

Tumchukue askari mmoja wa mfano, tusimpe jina wala cheo. Ana umri wa miaka 38, ana mke na watoto wanne. Kambini anakula maharagwe na bugali, anasimama zamu, anapiga doria kwa miguu. Anapofika kwao kilimani, miguu inapumzika na mdomo unaanza kazi. Asubuhi chai ya sukari nyingi na mandazi. Mchana wali, ndizi zilizokaangwa kwa mawese na nyama ya mbuzi. Jioni brosheti pamoja na chupa mbili za Primus zaidi ya alivyozoea.

Chupa moja kubwa ya Primus ina sentilita 72 na kileo cha asilimia 5. Nguvu iliyomo humo ni karibu kalori 300, sawasawa na sahani ndogo ya bugali. Mtu wa kilo 70 atakayeiunguza kwa kutembea itampasa atembee kwa mwendo wa haraka kwa muda wa saa moja hivi. Chupa mbili kwa siku, kwa siku 11, ni chupa 22, nazo ni kalori zipatazo 6,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Basi hata kabla hatujaihesabu nyama wala mandazi, ndugu yetu amekwisha kukaribia kilo nzima.

Wengine hudhani kwamba pombe ni maji tu, na kwamba anenepaye ni mlaji. Hilo si kweli. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9, na gramu moja ya kileo ina 7. Tena mwili hauna ghala la kuhifadhi kileo. Hukiunguza kwanza, na yale mafuta ya brosheti yaliyoingia pamoja nacho huambiwa yangoje. Na yakingoja, huwekwa akiba kiunoni.

Wala asiyekunywa pombe asijione yuko salama. Chupa ya soda ya sentilita 30 huwa na sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba ni vema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Chupa moja imekwisha kuupita mpaka huo.

Haba na haba

Mtu ataweza kuuliza: kilo moja ni nini kwa mwanamume mzima? Jibu lilipatikana Marekani. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati wa sikukuu na baada yake. Kwa wastani kila mmoja aliongezeka kilo 0.37 tu katika majuma yale machache. Lakini walipopimwa tena baadaye, uzito ule ulikuwa haujatoka. Ongezeko la mwaka mzima lilikuwa kilo 0.62. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya unene wa mwaka iliingia katika siku za sherehe, ikakaa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Askari aliyeingia kazini akiwa na miaka 22, akaongeza nusu kilo kila mwaka bila kuipunguza, atafika miaka 42 akiwa amebeba kilo 10 zaidi. Kilo 10 ni uzito wa ndoo ya maji ya lita 10. Hebu fikiri, ndugu askari, unaitwa usiku kwamba mwizi wa ng'ombe ameonekana akishuka kuelekea Ruvubu. Una bunduki na risasi, na mbele yako ni mteremko na kisha mpando. Je, ungekubali ufungwe na ndoo ile kiunoni ndipo uambiwe ukimbie? Mwenzako anayekutegemea umkinge atakungoja, na mwizi hatakungoja.

Pamoja na hayo kuna maadui wawili wasiopiga kelele, nao ni shinikizo la damu na kisukari. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayowafungulia mlango. Mtu huishi na shinikizo la damu miaka mingi bila maumivu yoyote, hata siku aangukapo. Wataalamu wamesema kwamba mwanamume akifikia kiuno cha sentimita 94, na mwanamke sentimita 80, hatari imeanza kuongezeka. Akipita sentimita 102, au 88 kwa mwanamke, hatari imekuwa kubwa. Kupima ni rahisi. Chukua futi ya fundi cherehani, uipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi kama kawaida, ndipo usome. Usivute tumbo ndani, kwa maana utakayekuwa umemdanganya ni wewe mwenyewe.

Heshima ya mwenyeji

Ugumu wenyewe hauko katika hesabu. Uko katika mapenzi. Askari akifika kwao, mama humtazama mashavu na kusema, "Mwanangu umekonda, huko hawakulishi?" Kitambi kwetu kimeitwa kwa muda mrefu alama ya neema, na mke ambaye mumewe ananenepa husifiwa kwamba anajua kutunza. Kuisukuma sahani ya mama ni kumsukuma mama mwenyewe.

Lakini desturi zetu zenyewe zina mlango. Katika nyumba za Warundi, chungu cha pombe ya mtama huwekwa katikati na watu hunywa kwa mirija, kwa zamu. Aliyevuta kidogo akampisha mwenziwe hajamtukana mtu, ametimiza adabu. Heshima iko katika kupokea na kuonja, wala haiko katika kumaliza. Basi mgeni apokee kwa mikono miwili, aonje, asifu, amwachie mwingine nafasi. Vilevile katika sahani, aanze na maharagwe na lengalenga, ambavyo hushibisha mapema, ndipo ageukie nyama na wali. Na kati ya chupa na chupa aweke glasi ya maji. Wala hakuna atakayemhesabia.

Yafaa yafanywe nini?

Kwanza, mkanda uwe mlinzi. Mwaka 2018 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walitangaza jaribio walilowafanyia watu 272 wakati wa Krismasi. Kundi moja lilitakiwa lijipime uzito angalau mara mbili kwa juma, likapewa na mashauri machache ya kula na maelezo ya kiasi cha mazoezi kinachohitajiwa ili kuunguza vyakula vya sikukuu. Mwishoni, kundi lile lilikuwa na uzito pungufu kwa karibu nusu kilo likilinganishwa na wale wasiojipima. Asiye na mizani kilimani atumie mkanda wake wa kazi. Aufunge kila siku ya tatu katika tundu lile lile. Ukianza kubana, ajue kesho yake ni siku ya kutembea.

Pili, likizo isiwe likizo ya miguu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Desemba ni wakati wa kazi shambani, na saa mbili za kulima alfajiri pamoja na baba mzee ni mazoezi yasiyopungua ya uwanjani, tena zina baraka yake. Kwenda kanisani au kuwatembelea ndugu katika kilima cha pili kwa miguu, watoto wakiwa mbele, kunatosha kwa siku nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitaja mwaka 2020 dakika 150 hadi 300 kwa juma kuwa kipimo cha mtu mzima. Kwa askari hicho kiwe cha chini.

Tatu, wale wasiopata likizo wasijione wamesahauliwa na shauri hili. Wako watakaoupitisha mkesha wa Noeli wakisimama katika mpaka wa Kobero, malori yakingoja kupita. Usiku wa zamu huleta njaa ya uongo, kwa kuwa mtu asiyelala hutamani vitu vitamu na vya mafuta. Heri mtu ale chakula kamili kabla ya kuingia zamu, achukue ndizi mbivu na maji, kuliko kushinda na mandazi na chai ya vijiko vitano. Kuhusu kileo na silaha hatuna la kuongeza. Amri iko wazi, na sikukuu haikuifuta.

Nne, Januari isiwe mwezi wa kujitesa. Anayejinyima chakula siku tatu huanguka gwarideni au hulipiza siku ya nne. Bandu bandu huisha gogo. Apunguze chupa, apunguze mafuta, aongeze mwendo, na ile kilo itaondoka kama ilivyokuja.

Nao walio wembamba, ambao kazi na lishe vimewapunguza kupita kiasi, wasiyachukue maneno haya kama fimbo. Kwao nyama ya Noeli ni dawa.

Sahani ya mtoto

Tumeliacha la mwisho kwa sababu ndilo zito zaidi. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanyika nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Watoto hao wako katika vilima vile vile vinavyotuandalia karamu. Huenda mmoja wao ameketi kwenye mkeka uani, anangoja wakubwa wamalize ndipo apewe mchuzi.

Tuzirudie basi zile chupa 22 za ndugu yetu wa mfano. Kila mmoja anajua bei ya chupa dukani na bei ya kilo ya maharagwe, ya ndagala na ya yai sokoni. Apige hesabu mwenyewe. Atakuta kwamba kile kilichomletea tundu la nne la mkanda kingemletea mwanawe mayai na ndagala hata Januari iishe, wakati ambapo mshahara wa Desemba umekwisha na ule mwingine haujafika. Na vile vipande vya nyama alivyokula akiwa amekwisha kushiba, mahali pake palikuwa katika sahani ya mtoto.

Ndugu askari, kuleni na mfurahi pamoja na wazee wenu, na mwonje kila chungu mtakachokaribishwa. Ila siku ya karamu, mtoto apakuliwe kwanza.