Hamali Aliyewafunza Mabata Gwaride

Kutembea kwingi ni kuona mengi, walinena wazee wetu. Nami, msomaji wangu, nimetembea hata nikafika Memphis, mji wa jimbo la Tennessee kusini mwa Marekani, kando ya mto Mississippi. Niliyoyaona huko sikuyatarajia.

Hapo pana hoteli kongwe iitwayo Peabody. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1869, na jengo la leo mwaka 1925. Katikati ya ukumbi pana birika la marumaru ya Italia, maji yakiruka juu. Ilipotimu saa tano asubuhi watu walikuwa wamejaa, watoto wameketi kandokando ya zulia jekundu. Mara lifti ikafunguka, muziki ukapigwa, wakatoka mabata watano: dume mmoja mwenye kichwa cha kijani na majike wanne. Wakaliandama zulia, wakapanda vidaraja, wakajitosa birikani. Saa kumi na moja jioni hurejea makaoni kwao juu ya paa kwa lifti ile ile.

Nilicheka. Bata kwetu ni wa uani, na mwisho wake ni chungu, kwa maana zote mbili. Kule hoteli haipiki nyama ya bata kabisa, na mabata wakishatumika kama miezi mitatu huachiliwa wakarudi mwituni.

Lakini kicheko kilinikauka nilipoijua asili ya mambo. Katika miaka ya 1930 meneja wa hoteli, Frank Schutt, alirudi na sahibu yake kutoka kuwinda Arkansas, wiski imewapanda vichwani. Wakawatia birikani mabata hai waliokuwa chambo cha kuwavutia wenzao wa mwituni. Wageni wakafurahi. Ulikuwa mzaha wa walevi, na ungaliweza kwisha siku ile ile.

Aliyeufanya kuwa ada ni mtu mwengine. Mwaka 1940 hamali wa hoteli, Edward Pembroke, mtu mweusi aliyewahi kufunza wanyama wa sarakasi, alijitolea kuwapeleka mabata birikani kila siku. Akawafunza kwenda kwa safu. Akapewa cheo cha Mkuu wa Mabata, akakaa nacho mpaka alipostaafu mwaka 1991.

Sasa zingatia miaka ile. Hoteli kubwa za kusini hazikumlaza mtu mweusi. Aliingia kwa kazi, hakuingia kwa ugeni. Bata alikuwa na nafasi yake birikani, na aliyemchunga hakuweza kukodi chumba. Ni katika mji huo huo Martin Luther King aliuawa mwaka 1968, akiwa amefikia Lorraine, hoteli ndogo iliyowapokea weusi. Na wimbo wa gwaride la mabata, uliotungwa na John Philip Sousa, waitwa Mfalme Pamba. Ajuaye historia ya nchi zile ajua pamba hiyo ilichumwa kwa mikono ya nani.

Sisi wa Mombasa twawajua mahamali. Wametubebea magunia bandarini na masanduku ya harusi vichochoroni, na wachache mno ndio tuwajuao kwa majina. Huyu wa Memphis jina lake limesalia, kwani alichukua upuuzi wa usiku mmoja wa wakubwa wake akaufanyia kazi kwa adabu nusu karne. Meneja aliwatia mabata majini. Hamali ndiye aliyewapa heshima, naye akaipata yake.