Sponji, Sifongo na Dodoki



Mtu akikwambia, "Nipe sponji," utampa nini? Huenda anataka kitu cha kuoshea sahani. Huenda anataka kitu cha kujisugulia wakati wa kuoga. Na akiwa dukani, huenda anauliza bei ya godoro. Neno ni moja, lakini vitu ni vingi. Leo tuvitazame, kwa sababu vyote vinagusa afya yako.

Tuanze baharini. Huko yuko mnyama aitwaye sifongo. Ndiyo, ni mnyama, ingawa ukimwona utadhani ni mmea. Hana kichwa, hana macho, hana miguu. Hukaa mahali pamoja akiwa ameshika mwamba. Mwili wake una matundu mengi. Maji huingia kwa matundu hayo, naye hula vitu vidogo sana vilivyomo majini. Akifa na kusafishwa, hubaki kitu laini chenye matundu, nacho hutumika kuogea. Huko Jambiani, Unguja, wanawake huwafuga sifongo. Vipande vyake hufungwa kwenye kamba baharini, hukua, kisha huvunwa na kuuzwa.

Sponji ya dukani si mnyama. Hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, kwa kuiga matundu ya sifongo. Ikiwa kubwa ni godoro. Ikiwa ndogo ni ya kuoshea vyombo.

Dodoki ni tunda la mmea uitwao mdodoki. Likiwa changa hupikwa kama mboga. Likikauka, ndani hubaki nyuzinyuzi ngumu, nasi hujisugulia.

Vitu hivi vitatu vina tabia moja: vina matundu, na matundu hushika maji. Ndiyo faida yake. Ndiyo hatari yake pia. Pamoja na maji, hushika mabaki ya chakula, jasho na ngozi iliyokufa. Vijidudu hupenda mahali pa namna hiyo, penye unyevu, joto na chakula.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Baadhi ya vijidudu, vikipata mahali pazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20. Kimoja huwa 2, kisha 4, kisha 8. Hiyo ni saa moja tu. Baada ya saa mbili ni 64. Baada ya saa tatu ni 512. Endelea mwenyewe hadi saa saba, utaona vimepita milioni mbili. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuchunguza sponji 14 za jikoni zilizokwisha kutumika. Katika kipande chenye sentimita moja kila upande, waliona vijidudu vinaweza kufikia bilioni 50. Si vyote vinavyoleta ugonjwa. Lakini huwezi kuvichagua kwa macho.

Basi ufanyeje? Ukimaliza kuosha vyombo, suuza sponji, ikamue sana, itundike juani. Usiiache ndani ya karai lenye maji machafu. Ikianza kunuka, itupe. Usiihurumie. Sponji uliyofutia damu ya kuku au ya nyama usioshee kikombe cha mtoto.

Dodoki nalo likatwe vipande, kila mtu awe na chake. Tia alama kwa uzi wa rangi. Nyumba nyingi huwa na dodoki moja, baba, mama na watoto wote hutumia hilo hilo. Mmoja akiwa na choa, wengine wanaweza kukipata.

Sasa kuna jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Baba msomaji, usiruke sehemu hii, maana una binti. Wasichana wengine, wakikosa pedi, hukata kipande cha godoro na kukitumia wakati wa hedhi. Sponji hiyo imejaa vumbi na jasho la miaka. Hunyauka na kumeguka. Ikiingizwa ndani, kipande chake kinaweza kubaki huko na kuoza. Msichana akipata homa kali ghafla, kutapika, au kutokwa na uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, naye amweleze mganga alichotumia. Asifiche.

Kitambaa safi cha pamba ni bora zaidi. Hata kanga kuukuu inafaa, ikiwa imefuliwa vizuri kwa sabuni. Kibadilishwe mara kadhaa kwa siku, kifuliwe, kianikwe juani. Wasichana wengi hukianika chini ya kitanda kwa sababu ya aibu. Huko hakikauki, na vijidudu hubaki. Akiona haya, atandaze kanga nyepesi juu yake kwenye kamba. Na kama baba una fedha ya sigara, una fedha ya pedi.

Kuhusu dodoki, huna haja ya kununua kila mara. Lipasue lililokauka utaona mbegu ndani. Zipande mvua zinapoanza, karibu na ua, kwa sababu mdodoki hutambaa. Yaache matunda yakauke juu ya mmea kabla ya kuyachuma, kisha yamenye, yaoshe na kuyaanika.