Simu Iliyobeba Daftari

Tumfikirie karani wa shamba la mkonge huko Ngombezi, wilayani Korogwe, mnamo mwaka 2003, akiwa na simu ya aina ya Treo 600. Faida yake ni dhahiri: chombo kimoja cha kiganjani ni simu, kalenda, kitabu cha anwani na mashine ya kuhesabia. Mahudhurio ya wakata mkonge huandikwa papo hapo shambani.

Hasara yake imejificha ndani. Kumbukumbu ya chombo hicho ilihitaji umeme wakati wote, hata simu ilipozimwa. Betri ilipoisha kabisa, yote yaliyoandikwa yalifutika. Kwa karani asiyeweka nakala, hapo hupotea ushahidi wa ujira wa watu.

Treo 650 ya mwaka 2004 iliondoa kasoro hiyo kwa kutumia kumbukumbu ya flashi. Humo chaji za umeme hunaswa katikati ya matabaka yasiyopitisha umeme, zikabaki hata betri ikiisha. Hata hivyo, simu ikipotea, kumbukumbu nayo hupotea.

Je, msomaji, mambo muhimu yaliyomo katika simu yako umeyanakili wapi?