Jeraha Dogo Lisidharauliwe: Damu Ipimwe Mapema

Kila askari hufundishwa kwamba adui aliyejificha ni hatari kuliko yule aonekanaye. Leo tungependa kuwakumbusha ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya adui wa namna hiyo, aingiaye mwilini kwa mwiba, kwa seng'enge, au kwa lengelenge lililopasuka ndani ya kiatu.

Jeraha likiingiwa na bakteria, mwili hupigana nao. Mara nyingine vita hivyo hupita kiasi, mwili ukaanza kuharibu viungo vyake wenyewe: mapafu, figo na moyo. Hali hiyo huitwa sepsisi. Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 iliwapata watu wapatao milioni 49 duniani, na milioni 11 kati yao walikufa.

Makambini, homa ikipanda, neno la kwanza ni malaria. Ni haki malaria ipimwe. Lakini ikiwa kipimo hakikuonyesha malaria na homa ingalipo, upelelezi haujaisha.

Damu yenyewe ni shahidi. Kwanza, huhesabiwa chembechembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika milimita moja ya ujazo. Zikizidi sana au zikipungua sana, pana jambo. Pili, hupimwa protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930, ambayo ini huitoa kwa wingi mwili ukiwa na maambukizo. Tatu, damu huoteshwa katika chupa maalumu ili bakteria wajulikane, pamoja na dawa iwezayo kuwaua. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Hakuna kipimo kitoshacho peke yake. Daktari huviunganisha vyote na dalili za mgonjwa.

Basi ajinunuliaye antibiotiki dukani kabla ya kutolewa damu ni kama mtu afutaye nyayo za mwizi: bakteria huenda wasiote chupani, ilhali mwilini wangalimo. Hata hivyo, mgonjwa mahututi hangojeshwi majibu. Hutolewa damu, kisha dawa huanza mara moja.

Mwenzenu mwenye homa au jeraha akihema upesi, akichanganyikiwa, au mkojo wake ukipungua, mkimbizeni hospitali saa ile ile. Kuripoti jeraha dogo si woga. Ni nidhamu.