Cavendish na Herufi Nne

Henry Cavendish alipotaka chakula cha jioni, aliandika kijikaratasi akakiacha mezani. Mtumishi alikuja kukisoma baadaye, naye bwana mwenye nyumba akaepuka kuonana ana kwa ana na mwanamke yeyote. Inasimuliwa hata kwamba alijenga ngazi ya pili nyuma ya nyumba baada ya kupishana na mtumishi wa kike kwenye ile ya kwanza.

Tajiri huyu wa London ndiye aliyeonyesha, mwaka 1766, kwamba haidrojeni ni gesi ya aina yake. Kazi iliyomkuza zaidi aliifanya akiwa na miaka 66. Alichukua mipira miwili ya risasi, kila mmoja wa kilo 158 hivi, akaisogeza karibu na midogo iliyoning'inia kwa waya, ili aone mikubwa inavyoivuta midogo. Mvuto huo ni mdogo mno: joto la mwili wa mtu aliyesimama karibu lingetosha kuuvuruga. Kwa hiyo akafunga chumba, akakaa nje, akachungulia kwa darubini kupitia ukutani. Kwa kulinganisha mvuto huo na ule wa Dunia, mwaka 1798 akatangaza kwamba Dunia ina msongamano wa mara 5.48 ya ule wa maji. Leo tunasema 5.51.

Mtu wa namna hii huwavutia wapenzi wa vipimo vya haiba. Kile maarufu zaidi, cha Wamarekani wawili, mama na binti, Katharine Briggs na Isabel Myers, kilitokana na mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921. Hugawa watu katika aina 16, kila moja kwa herufi nne. Cavendish hupewa I, ya watu wa kujitenga, bila ubishi.

Ubishi ungestahili kuwepo. Mkimya huyu alihudhuria karamu za wanasayansi wa Royal Society wiki baada ya wiki, kwa miaka mingi. Waliomjua walishauriana wasimtazame, bali waongee kama wanaouambia upepo. Hapo huenda angejibu.

Herufi ya mwisho ni ngumu zaidi, maana hutenganisha wapenda utaratibu (J) na wanaoacha mambo wazi (P). Mpimaji makini kiasi kile aliacha sehemu kubwa ya majaribio yake ya umeme bila kuyachapisha. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyatoa mwaka 1879, miaka 69 baada ya kifo cha Cavendish. Sasa ni J au P?

Mwaka 2001 daktari Oliver Sacks aliweka herufi kando, akapendekeza kwamba Cavendish alikuwa na hali ya Asperger, aina ya usonji. Ushahidi wake ulikuwa kitabu cha George Wilson cha mwaka 1851 kuhusu maisha ya Cavendish, na Wilson alizaliwa miaka minane baada ya Cavendish kufa. Nacho kipimo cha kina Myers humtaka mhusika ajibu maswali mwenyewe, jambo ambalo Cavendish hawezi tena.

Inasemekana pia kwamba maktaba yake ilikuwa wazi kwa wasomi, na kwamba alipotaka kitabu chake mwenyewe, alijiandikisha daftarini kama muazimaji mwingine yeyote.